UZI: Kupanda kwenye drafti ya NFL ili kuziba pengo. Bei inapangwaje na timu zinaumia wapi?

mkata_kadi (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila drafti ikiisha ubishi ni uleule: timu fulani "imepigwa", nyingine "imelamba dume", na hakuna anayeweka namba mezani. Tuziweke hapa.

Kwa wageni, kwa ufupi. NFL ni ligi ya mpira wa Kimarekani, na drafti ni pale timu zinapochagua wachezaji wanaotoka vyuo. Timu 32, raundi 7, aliyefanya vibaya msimu uliopita anachagua kwanza. Huku kwetu Simba na Yanga wakimtaka winga mmoja, mwenye dau nono anaondoka naye. Kule mchezaji anayetoka chuo hana dau. Kinachouzwa ni zamu ya kuchagua. Ukitaka kusogea mbele unalipa kwa zamu zako nyingine, za mwaka huu au za miaka ijayo, au unatoa mchezaji uliye naye.

Tuanze na Atlanta Falcons, 2025. Msimu wa 2024 waliwaangusha makwotabeki (warusha mpira) wa wapinzani mara 31 tu, wa pili kutoka mkiani katika ligi nzima. Pengo linaonekana hata kwa asiyejua mchezo: pembeni hakuna mtu wa kumkimbiza kwotabeki. Kwa chaguo la 15 wakamchukua Jalon Walker wa Georgia. Usiku huohuo wakarudi tena raundi ya kwanza kwa mlango wa timu ya Rams. Walipokea chaguo la 26 na la 101. Walitoa la 46, la 242, na chaguo lao la raundi ya kwanza la 2026. Wakamchukua James Pearce Jr. wa Tennessee, naye wa kazi ileile.

Sasa chati, yaani orodha ya pointi za kila zamu. Ile inayoitwa ya Jimmy Johnson ilitengenezwa Dallas Cowboys mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mpaka leo ndiyo lugha ya kwanza ya mazungumzo. Chaguo la 1 ni pointi 3,000, la 2 ni 2,600, la 3 ni 2,200, la 5 ni 1,700, la 10 ni 1,300, la 16 ni 1,000, la 32 ni 590, la 64 ni 270, la 100 ni 100.

Falcons walipokea 700 + 96 = 796. Walitoa 440 (la 46), la 242 ambalo ni kama sifuri, na lile la 2026. Ukilihesabu la 2026 kama la katikati ya raundi ya kwanza, yaani 1,000, wametoa 1,440 kununua kitu cha 796. Hapo ndipo watu walipopiga kelele. Je, hesabu hiyo ni sahihi?

BintiWaHesabu

Si sahihi, kwa sababu hakuna meneja mkuu anayelihesabu chaguo la mwaka ujao kwa bei ya leo. Kanuni ya mezani ni kwamba kila mwaka wa kusubiri unashusha raundi moja. La raundi ya kwanza la mwaka kesho (kwa ufupi "la kwanza") linahesabiwa kama la raundi ya pili la mwaka huu. Na kwa kuwa namba yake haijulikani, linawekwa katikati ya raundi, yaani kama la 48, pointi 420.

Rudia hesabu: 440 + 420 = 860 dhidi ya 796. Wamezidisha pointi 64 hivi, thamani ya chaguo la raundi ya nne. Ni ghali, lakini si wizi.

Anayedhani kanuni hii ya raundi moja nimeitoa mfukoni aijaribu kwenye dili nyingine.

Jaguars 2025, kutoka la 5 kwenda la 2 kwa ajili ya Travis Hunter. Walipokea la 2, la 104 na la 200: 2,600 + 86 + kama 11, jumla 2,697. Walitoa la 5, la 36, la 126 na la kwanza la 2026: 1,700 + 540 + 46 + 420, jumla 2,706. Tofauti ni pointi 9!

Texans 2023, kutoka la 12 kwenda la 3 kwa ajili ya Will Anderson. Walipokea la 3 na la 105: 2,284. Walitoa la 12, la 33, la kwanza la 2024 na la tatu la 2024. Hizo mbili za mwanzo ni 1,780, ongeza 420, ongeza la tatu lililoshushwa kuwa la nne, kama 50 hivi. Jumla 2,250.

Dili mbili, Browns wakiwauzia Jaguars na Cardinals wakiwauzia Texans, na zote zinatua palepale. Kwa hiyo mtu akikwambia chati ya zamani imekufa, mwambie alete kalamu.

Kongwe_wa_Benchi

Dada, hesabu zako hazina kasoro, ila kanuni yenyewe ndiyo mtego. Unachukua kitu cha 1,000 mwaka kesho unakihesabu 420 leo. Hiyo ni riba ya asilimia 138 kwa mwaka. Hakuna benki wala mkopeshaji wa mtaani anayethubutu. Inaendelea kuwepo kwa sababu moja: meneja mkuu anayeogopa kufukuzwa hajali la mwaka kesho, huenda litachaguliwa na mtu mwingine akiwa ameketi kwenye kiti chake. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana Rams na Browns hukaa chini na kusubiri simu.

Halafu la mwaka kesho halina namba. Angalia yalivyoangukia:

Washington walitoa la 6, la 39, la kwanza la 2013 na la kwanza la 2014 wampate Robert Griffin III mwaka 2012. La 2013 likawa la 22, sawa. La 2014 likawa la 2.

Texans 2017 walipanda kutoka la 25 mpaka la 12 kumfuata Deshaun Watson. La kwanza la 2018 likaenda Cleveland, likawa la 4. Browns wakamchukua Denzel Ward.

Bears 2021, Justin Fields, kutoka la 20 mpaka la 11. La 2022 likawa la 7.

Panthers 2023 ndio funga kazi. Walitoa la 9, la 61, la kwanza la 2024, la pili la 2025 na mpokeaji wao bora, DJ Moore, wapate la 1 na Bryce Young. La 2024 likawa la 1. Bears wakamchagua Caleb Williams kwa tiketi ya Panthers.

Upande wa pili, Chiefs walipompandia Patrick Mahomes mwaka 2017, la mwaka uliofuata likawa la 22. Texans hao wa Anderson, likawa la 27. 49ers walitoa mawili kwa ajili ya Trey Lance, la 2022 na la 2023, yote yakawa la 29.

Unaona mpangilio? Timu ambayo tayari ilikuwa nzuri kabla ya kupanda ndiyo iliyolipa bei nafuu. Timu mbovu inayopanda inaweka rehani kitu chenye thamani kubwa kuliko inavyokiandika kwenye karatasi.

BintiWaHesabu

Texans hawakuwa wazuri. 2022 walimaliza na ushindi mara 3, sare 1, wakapoteza 13.

Kongwe_wa_Benchi

Kweli, ila dakika chache kabla walikuwa wamemchukua C.J. Stroud kwa la 2, na mfukoni walikuwa na la kwanza la Cleveland la 2024. Lao lingeharibika, bado wana jingine. Hiyo ni bima, Panthers hawakuwa nayo. Na hata hivyo ilikuwa kamari. Wengi walitabiri la Houston lingekuwa ndani ya kumi bora.

chap_chap254

Ndugu zangu, swali la mtu anayeangalia. Raundi ya kwanza inaanza saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa kwa saa zetu, na unaona tu tangazo "kuna biashara". Simu inapigwa saa ngapi hasa? Na inakuwaje dili livunjike dakika ya mwisho?

mkata_kadi

Kazi kubwa inafanywa siku kadhaa kabla. Inakwenda hivi.

Kwanza, bodi ya wachezaji inapangwa kwa madaraja. Kupanga wa 1 hadi wa 200 hakukwambii la kufanya. Tuseme wakimbizaji wa pembeni wa daraja la juu ni wanne, na baada ya hao ubora unashuka ghafla. Unahesabu: wamebaki wangapi, na kati ya zamu ya sasa na yangu kuna timu ngapi zenye pengo kama langu? Wakibaki wawili na mbele yako kuna timu tatu zenye njaa hiyo, muda wa kupanda umefika. Wakibaki watatu na mwenye njaa ni mmoja, kaa chini, usitoe hata shilingi. Timu nyingi zinaumia hapa: zinapanda kwa hofu wakati daraja bado limejaa.

Pili, simu za awali. Meneja mkuu anawapigia watu wa zamu nne, tano zilizo mbele yake na kukubaliana bei ya masharti: "mtu wetu akiwepo ukifika wewe, tutakupa hiki na hiki." Mwenye zamu naye ana sharti lake: mtu wake akiwepo, hauzi. Ndiyo maana dili nyingi zinakamilika timu ikiwa tayari kwenye saa (muda wake wa kuchagua umeanza), si kabla.

Tatu, saa. Kwenye drafti ya 2025 ilikuwa dakika 10 kwa raundi ya kwanza, 7 kwa ya pili, 5 kwa ya tatu hadi ya sita, 4 kwa ya saba. Ndani ya muda huo pande ZOTE MBILI zinapaswa kuiarifu ligi, kila mmoja kwa simu yake, na maelezo yafanane. Mmoja asipopiga, hakuna dili.

Kongwe_wa_Benchi

Na mifano ipo.

2003, Vikings wana la 7. Wanajadiliana na Ravens, ambao wanamtaka kwotabeki Byron Leftwich. Dili halikuthibitishwa ligi na pande zote mbili, muda ukaisha. Saa ikiisha hupotezi zamu, lakini anayefuata ana ruhusa ya kukimbiza kadi yake yenye jina la mchezaji. Jaguars wakamchukua Leftwich, Panthers wakamchukua Jordan Gross, ndipo Vikings wakafanikiwa kumtaja Kevin Williams, la 9. Bahati yao, Williams alikuwa mchezaji wa maana. Ravens ndio walioachwa bila kwotabeki. Siku hiyohiyo wakaipa New England la pili la mwaka ule na la kwanza la 2004 wapate la 19, Kyle Boller. Lile la 2004 likawa la 21, Patriots wakamchukua Vince Wilfork.

2011, Bears wanataka kutoka la 29 mpaka la 26 la Ravens, bei chaguo la raundi ya nne. Ravens wakapiga ligi. Bears hawakupiga. Saa ikaisha, Chiefs wakapita mbele na kumchukua Jonathan Baldwin. Ravens wakampata waliyemtaka, Jimmy Smith, na Bears wakampata Gabe Carimi palepale kwenye la 29. Bears walikiri kosa ni lao, lakini hilo la raundi ya nne Ravens hawakulipata. Hasira ilikuwa ya kweli.

MtaaWaPili

Mimi sielewi kitu kimoja. Kwa nini watu wanapigania la 28 mpaka la 32 wakati la 33 linakuja usiku unaofuata na mchezaji ni yuleyule?

BintiWaHesabu

Mwaka wa tano. Kila mchezaji wa drafti anasaini miaka minne na malipo yanaendana na zamu yake, hakuna majadiliano makubwa tangu mkataba wa wachezaji wa 2011. Lakini wa raundi ya kwanza tu ndiye ambaye timu inaweza kumwongezea mwaka wa tano kwa uamuzi wake yenyewe. Uamuzi unafanywa baada ya msimu wake wa tatu, na tangu mkataba wa 2020 ukishaamua, pesa ile ina dhamana yote. Wa la 33 hana kipengele hicho.

Kwa kwotabeki mwaka huo una thamani kubwa mno. Ravens 2018 walirudi kwenye la 32 kwa Lamar Jackson. Waliwapa Eagles la 52, la 125 na la pili la 2019, wakapokea la 32 na la 132. Kwa chati ni karibu sawa kwa sawa: 630 dhidi ya kama 617. Vikings walifanya vilevile 2014 kwa Teddy Bridgewater, la 40 na la 108 kwa la 32. Giants 2025, Jaxson Dart kwa la 25: walitoa la 34, la 99 na la tatu la 2026.

Mkimbizaji wa pembeni na mlinzi wa kushoto wa kwotabeki nao ni hivyohivyo, mishahara yao sokoni ni mikubwa, kwa hiyo mwaka mmoja wa nyongeza una maana. Kwa mkimbia na mpira sioni sababu ya kulipa hata nukta.

Nikirudi kwa Falcons, hiki ndicho kitu kinachowatetea: Pearce wa la 26 ana mwaka wa tano, wa la 46 asingekuwa nao.

Kongwe_wa_Benchi

Utetezi mwembamba. Falcons walishamchukua Walker. Pengo lilikuwa moja, wamelijaza mara mbili kwa pesa ya mwaka ujao. Ningeelewa kama wangekuwa mchezaji mmoja tu kutoka kwenye ubingwa.

mkata_kadi

Wakimbizaji wawili si anasa mkuu. Ukiwa na mmoja, timu pinzani inamwekea walinzi wawili na mchezo umeisha. Wakiwa pande zote mbili haiwezekani. Swali langu ni bei, na hapo tuko pamoja kwa kiasi fulani.

Watafiti Cade Massey na Richard Thaler walipima jambo hili: mchezaji aliyechaguliwa mapema anamzidi anayefuata wa nafasi ileile kwa uwezekano wa asilimia 52 tu. Yaani karibu na kurusha sarafu. Chati inamlipa yule wa kwanza kana kwamba uhakika ni mkubwa. Ndiyo maana zimetokea chati nyingine, kwa mfano ya Fitzgerald na Spielberger inayotazama mishahara ya mkataba wa pili. Kwenye hiyo pointi hazishuki kwa kasi namna ile, na karibu kila anayepanda anaonekana amelipa kupita kiasi.

chap_chap254

Kama ni sarafu, kwa nini Chiefs wasilaumiwe? Walitoka la 27 mpaka la 10.

BintiWaHesabu

Kwa sababu kwotabeki ana chati yake. Tazama: la 10 ni 1,300. Walitoa la 27 (680), la 91 (136) na la kwanza la 2018 (tuseme 420). Jumla 1,236. Chiefs walipanda ngazi 17 na kwa kanuni ya kawaida walilipa pungufu. Bills, waliouza la 10, waliridhika, kwa la 27 walimpata Tre'Davious White, beki wa pembeni mzuri sana.

Lakini bei kuwa ya haki hakumaanishi uchaguzi ni mzuri. Mwaka huohuo Bears walitoka la 3 mpaka la 2 kwa kutoa la 67, la 111 na la tatu la 2018. Ukijumlisha na la 3 ni 2,527 kabla ya hilo la 2018, kwa kitu cha 2,600. Bei safi kabisa. Wakamchukua Mitchell Trubisky, Mahomes na Watson wakiwa bado wamekaa.

MtaaWaPili

Na anayetoa kila kitu? Nimesikia kuna timu iliuza drafti nzima.

Kongwe_wa_Benchi

Saints, 1999, chini ya Mike Ditka. Machaguo yao yote sita ya mwaka ule, pamoja na la kwanza na la tatu la 2000, yakaenda Washington ili wapande kutoka la 12 mpaka la 5. Kwa ajili ya nani? Ricky Williams, mkimbia na mpira. Msimu ukaisha kwa ushindi mara 3, Ditka akafukuzwa.

Falcons wenyewe 2011 walitoka la 27 mpaka la 6 kwa Julio Jones: la 27, la 59, la 124, kisha la kwanza na la nne la 2012. Jones alikuwa mmoja wa wapokeaji bora wa kizazi chake, hakuna anayebisha. Ila hesabu nafasi tano zilizotoka, na ujiulize ni walinzi wangapi wa bei nafuu timu ile ilikosa.

chap_chap254

Basi timu isiyo na akiba ifanyeje ikiwa inahitaji kwotabeki kweli? Isubiri mpaka iwe ya mwisho?

mkata_kadi

Inaanza mapema na kulipa kwa vitu ambavyo si la kwanza la kesho. Bills 2018 ndio somo, na walijipanga kwa takriban mwaka mzima.

Agosti 2017 walimwachia mpokeaji Sammy Watkins kwenda Rams. Ndani ya malipo kulikuwa na la pili la 2018, likawa la 56. Machi 2018 kwotabeki wao Tyrod Taylor akaenda Cleveland kwa la 65. La kwanza la Chiefs, lile la Mahomes, lilikuwa la 22. Lao wenyewe lilikuwa la 21.

Kisha wakapanda kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza, Machi, wakawapa Bengals la 21 na Cordy Glenn, mlinzi wa kushoto mwenye mshahara mkubwa, wakapata la 12, na pembeni wakabadilishana machaguo ya raundi ya 5 na ya 6. Kutoka 800 hadi 1,200; pengo la 400 lilizibwa na mchezaji, hawakugusa la 22. Hatua ya pili, usiku wa drafti, kutoka la 12 hadi la 7 la Tampa Bay: walitoa la 12, la 53 na la 56. Hapo walilipa 1,910 kwa 1,500, yaani walizidisha 410, karibu chaguo zima la raundi ya pili. Walijua. Bei ya kwotabeki ndiyo hiyo ukishafika kwenye saa. Wakamchukua Josh Allen.

Usiku huohuo wakatoa la 22 na la 65 kwa Ravens, wakapokea la 16 na la 154, wakamchukua Tremaine Edmunds. Hesabu: 1,045 kwa 1,000 na chenji. Ravens wakaligeuza la 22 kwa Titans, wakashuka mpaka la 25.

Mapengo mawili yamezibwa, na la kwanza la 2019 bado liko kwa Bills. Walilitumia kumchukua Ed Oliver, la 9.

Kongwe_wa_Benchi

Hilo la Glenn nalikubali bila ubishi. Na ukumbuke dili la Mahomes liliidhinishwa na meneja mkuu wa Bills aliyefukuzwa mara tu drafti ya 2017 ilipoisha, Doug Whaley. Aliyekuja baadaye, Brandon Beane, alikuta la 22 limeshawekwa mezani.